Ana karatasi, hana mkono: kinachoamua hatima ya chuo cha ufundi

Mwaka juzi nilikuwa Busia, upande wetu wa Uganda, nikisubiri geti la shangazi limalizwe. Kwenye kibanda cha kuchomelea vyuma nilimkuta kijana aliyetumwa na chuo chake kwa mafunzo ya kazini. Alikuwa na barua yenye muhuri na ovaroli ambayo bado ilionyesha mikunjo ya dukani. Fundi akampa vipande viwili vya chuma aviunganishe. Rodi, kile kijiti cha chuma kinachoyeyuka ili kuunganisha, ikanasa. Akaing'oa, ikanasa tena. Mara ya tatu fundi akazima mashine, akamuuliza kwa Kiswahili cha mpakani, kile kilichochanganyika na Kisamia:

"Mwanangu, huko chuoni ulichoma rodi ngapi?"

Kijana alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Kumi, mzee. Labda kumi na mbili."

Fundi akanigeukia kana kwamba mimi ndiye mkuu wa chuo. "Unaona? Ana karatasi, hana mkono."

Baadaye, tukiwa tunakunywa chai, nilimdodosa yule kijana. Aliweza kunichorea transfoma, kunitajia aina za maungio na kunieleza kwa nini mchomeleaji huvaa miwani myeusi. Alikuwa amekamata kila alichofundishwa. Ndiyo maana siwezi kumlaumu, na ndiyo maana swali moja limeniganda: vyuo viwili vinaweza kuwa na mtaala mmoja, mtihani mmoja na mashine za aina moja, kimoja kikatoa mafundi ambao waajiri wanawagombania, kingine kikatoa watu wa kufagia karakana. Tofauti inatoka wapi?

Tukizungumzia vyuo vya ufundi nchini mwetu, mazungumzo huanzia juu. Na kweli huko juu kazi imefanyika. Waraka wa serikali wa mwaka 1992 ulitaka elimu ielekee kwenye stadi za kazi. Sheria ya mwaka 2008 ikaweka mfumo wa mafunzo ya biashara na ufundi, bodi ya mitihani ya UBTEB ikaanza kazi mwaka 2011, na mpango wa miaka kumi wa Skilling Uganda ukaanza mwaka huohuo. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 100 kwa ajili ya mradi wa stadi, na vyuo vya Bushenyi, Elgon na Lira, pamoja na chuo cha kilimo cha Bukalasa, vikachaguliwa kuwa vya mfano. Sera mpya ikaja mwaka 2019. Mwaka 2025 sheria nyingine ikaleta bodi mpya ya upimaji, UVTAB. Nayapita haya haraka kwa sababu hakuna hata moja linaloeleza kwa nini rodi ya yule kijana ilinasa.

Hesabu ya dakika kumi na mbili

Chukua darasa la kawaida la wanafunzi 30 wanaojifunza kuchomelea. Karakana ina mashine mbili zinazofanya kazi (ya tatu iko pale, lakini imegeuzwa kuwa meza). Kipindi cha vitendo ni saa tatu. Mashine mbili kwa dakika 180 ni dakika 360 za moto. Gawanya kwa wanafunzi 30: kila mmoja anapata dakika 12. Vipindi viwili kwa wiki, muhula wa wiki 12, jumla ni dakika 288. Hazitimii saa tano.

Kijana aliyepelekwa na mjomba wake Katwe, mtaa wa mafundi jijini Kampala, bila fomu wala ada, anaweza kuzifikisha saa hizo kabla wiki haijaisha.

Na hapo nimehesabu kana kwamba umeme haukatiki, mwalimu hachelewi, na hakuna mwanafunzi mwenye mabavu anayekalia mashine huku wengine wakitazama. Kila aliyepita chuo cha ufundi anawajua hao wawili watatu. Wao humaliza wakiwa mafundi, na chuo huwatumia kama ushahidi kwamba kinafundisha vizuri. Wasichana waliojiandikisha kwenye darasa hilo mara nyingi hubaki nyuma ya duara wakiandika nukuu, kisha tunashangaa kwamba wasichana hawapendi ufundi.

Sasa hesabu rodi zenyewe. Rodi ya milimita 2.5 huisha kwa takriban dakika moja ya moto. Ukiondoa muda wa kupanga chuma na kugonga magamba yanayofunika mshono, mwanafunzi anaweza kutumia rodi sita kwenye zamu yake. Wanafunzi 30, rodi sita, vipindi 24: rodi 4,320 kwa muhula, zaidi ya kilo 70 za rodi, na bado hujanunua chuma cha kuchomelea. Mhasibu wa chuo akipunguza matumizi, hawezi kugusa mishahara, na kodi ya jengo haina msamaha. Anachoweza kukata ni rodi, mbao, saruji, unga wa ngano wa darasa la uokaji. Hakuna anayelalamika, kwa sababu kipindi kinaendelea. Mwalimu anageukia ubao. Anachora transfoma.

Kwa hiyo ubora wa ufundishaji wa ufundi una sakafu yake: muda wa mwanafunzi mwenyewe kushika kifaa. Mwalimu mwerevu huichezea hesabu hii. Huligawa darasa: kumi wanachomelea, kumi wanapima na kukata, kumi wanasoma michoro na kukagua kazi ya wenzao, kisha wanazunguka. Mashine ni zilezile, lakini hakuna aliyekaa saa mbili na nusu akisubiri zamu. Inahitaji maandalizi tu, tena maandalizi ya usiku uliotangulia, jambo ambalo mwalimu anayelipwa kwa saa halipwi kulifanya.

Kinachotokea begani

Dakika zikishapatikana, swali linakuwa zinatumikaje. Hapa ndipo watu wengi hukosea, wakidhani kwamba ukimpa mwanafunzi chuma na rodi nyingi, ujuzi utakuja wenyewe.

Fikiria kazi yenyewe. Rodi ikigusa chuma bila kuinuliwa upesi, ncha yake inayeyuka na kugandia palepale. Hilo ndilo lililompata kijana wa Busia. Ikiinuliwa mno, moto unakatika. Nafasi inayotakiwa kati ya ncha na chuma ni kama unene wa rodi yenyewe, milimita mbili na nusu hivi, na rodi inazidi kuwa fupi kila sekunde, kwa hiyo mkono unapaswa kuendelea kushuka huku ukisogea pembeni kwa mwendo usiobadilika. Yote hayo kupitia kioo cheusi. Macho hayatoshi, na mchomeleaji mzoefu hutegemea masikio: moto ulio sawa hulia kama mandazi yanapoingia kwenye mafuta yaliyoshika joto. Moto mrefu hupuliza na kurusha cheche. Moto mfupi hukwama kwama.

Mwanafunzi anayefanya mazoezi peke yake hajui sauti ipi ndiyo sahihi. Anaweza kuchoma pakiti nzima akizoeza mkono wake kosa, na mkono uliozoea kosa ni mgumu kuunyoosha kuliko mkono usiojua kitu. Mwalimu mzuri husimama nyuma ya bega lake. "Inua kidogo. Kidogo. Hapo! Sikia hiyo? Ishike hiyo." Neno "hapo" likitamkwa sekunde ileile ya moto sahihi lina thamani kuliko alama 12 kati ya 20 zilizorudishwa wiki mbili baadaye, chuma chenyewe kikiwa kimeshauzwa kama skrepa.

Uashi ni hivyohivyo. Ukuta ukianza kuegemea, huanza kwenye tofali la mstari wa pili au wa tatu. Mwalimu anayepita na timazi mapema anamwokoa mwanafunzi kwa kumwondolesha matofali matano. Anayekuja jioni kutoa alama anakuta ukuta uliopinda, anaandika "umepinda", na mwanafunzi anakwenda nyumbani akiwa hajui ulianza kupinda lini.

Kuna sehemu ngumu zaidi, ile isiyoonekana hata ukisimama begani. Mota ya kinu cha mahindi imegoma. Fundi umeme mkongwe anaitazama, anagusa kitu kimoja, anasema "hii ni fyuzi," na kweli ni fyuzi. Mwanafunzi ameona mkono. Hakuona mawazo kumi yaliyopita kichwani. Mwaka 1989 watafiti watatu wa Marekani, Allan Collins, John Seely Brown na Susan Newman, walieleza vizuri tofauti hii. Mwanagenzi wa fundi cherehani anaona kila kitu: kitambaa, mkasi, mshono. Kazi inayofanyika kichwani haionekani, kwa hiyo anayefundisha hana budi kuitoa nje kwa mdomo. Walielezea mwendo ambao fundi mzuri wa Ndeeba, mtaa mwingine wa karakana Kampala, angeutambua mara moja: onyesha huku ukisema unachofikiri, mwache mwanafunzi ajaribu ukiwa pembeni unamsahihisha, shika sehemu asiyoiweza bado, kisha uondoe mkono wako taratibu.

Darasani hilo husikika hivi: "Mota haizunguki. Sifungui kitu bado. Kwanza, umeme unafika? Napima hapa. Fezi zote tatu zipo? Hii ipo, hii ipo, hii haipo. Basi mota naiacha, narudi nyuma kwenye fyuzi." Ni maneno ya dakika moja. Lakini mafundi wengi hodari hawawezi kuyasema, kwa sababu kwao hatua hizo zimeshazama hadi hawazijui tena. Ukimuuliza alijuaje, atakwambia, "Utazoea tu."

Jinja kuna mfano mwingine ninaoupenda. Chuo cha taifa cha mafunzo ya hoteli na utalii kinafundishia kwenye hoteli ya Crested Crane, mahali penye wageni wanaolipa. Pale mwalimu anapata msaidizi ambaye hakuna bodi ya mitihani inayoweza kumwajiri: mgeni mwenye njaa. Supu ikirudishwa jikoni, hakuna haja ya kusubiri matokeo.

Mwalimu nusu

Kwa maoni yangu, tatizo kubwa la vyuo vyetu ni kwamba tunatafuta mtu mmoja mwenye vitu viwili ambavyo kwa kawaida havipatikani pamoja. Yupo aliyesoma moja kwa moja, kutoka sekondari hadi diploma hadi chuo kikuu cha Kyambogo, akarudi kufundisha bila kuwahi kufanya kazi ya kulipwa na mteja mkali. Huyu anajua kuandaa somo, ila mkono wake ni wa maabara. Yupo pia fundi aliyetolewa karakana ya mtaani kwa sababu ana sifa. Mkono anao, lakini mbele ya vijana 30 anafanya alichofanyiwa yeye: anawaambia watazame, anafanya yote mwenyewe, na mwisho wa kipindi kazi ni safi na hakuna aliyejifunza. Wote wawili ni walimu nusu.

Serikali inalijua hilo tangu zamani. Ndiyo sababu kuna chuo cha wakufunzi cha Abilonino kule Kole, na ndiyo sababu chuo cha ufundi cha Nakawa, kilichoanza mwaka 1971 kwa ushirikiano na Japani, kimetumika pia kuwanoa wakufunzi wa vyuo vingine. Lakini mkufunzi aliyekamilika leo hupungua kesho. Aliyejifunza magari wakati wa kabureta, akakaa chuoni miaka 15, anawafundisha vijana watakaokutana na Toyota zenye kompyuta, na hapo Jinja Kiira Motors inaunda mabasi ya umeme. Gereji zimeshahama, yeye hakuambiwa. Angehitaji mwezi mmoja kwa mwaka akafanye kazi na mafundi wa magari wa soko la Kisekka jijini Kampala, achafuke, arudi. Ni vyuo vichache vinavyoweza kumlipa mtu mwezi ambao hayuko darasani.

Halafu kuna mshahara. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa walimu wa sekondari wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, na walimu wa sanaa wakagoma. Kelele zote zilikuwa za sekondari. Mkufunzi wa chuo binafsi anayelipwa kwa saa, asubuhi hapa, mchana kule, hakuwa kwenye mazungumzo hayo. Mtu wa namna hiyo hana muda wa kukaa na mwanafunzi aliyekwama baada ya kipindi. Taksi yake inaondoka.

Na lugha? Mitihani ni ya Kiingereza. Karakana, kulingana na mahali ulipo, ni ya Kiganda, Kiacholi, Kisamia au Kiswahili. Marekebisho ya katiba yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, ila kwenye karakana za mipakani kilikuwa rasmi kabla ya hapo. Mwalimu mwenye busara hueleza kosa kwa lugha inayoingia haraka, kisha humpa mwanafunzi istilahi ya Kiingereza atakayoikuta kwenye karatasi. Asiyeweza kufanya hivyo hukimbilia kunukuisha. Mtihani ukiuliza "taja aina nne", yeye hufundisha aina nne, na wanafunzi hufaulu kutaja.

Thamani ya karatasi

Msomaji anaweza kuuliza: kama Katwe inatoa mkono bora, chuo cha nini? Swali hilo lilipimwa hapahapa Uganda. Kundi la wachumi, wakiwemo Livia Alfonsi na Oriana Bandiera, waliwafuatilia wafanyakazi vijana 1,700 na kampuni 1,500 kwa miaka minne. Baadhi ya vijana walipewa nafasi ya kusoma ufundi chuoni kwa miezi sita, wengine wakapewa mafunzo ya muda huohuo ndani ya kampuni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la Econometrica. Makundi yote mawili yalipata ujuzi, na kwa kiwango kinachokaribiana. Waliofunzwa ndani ya kampuni walianza kunufaika mapema, lakini faida yao ikafifia. Waliopitia chuoni walichelewa kuinuka, kisha wakawapita wenzao, na faida yao ikadumu.

Maelezo ya watafiti ni kwamba aliyetoka chuoni, akipoteza kazi, hupata nyingine upesi zaidi, na huenda ni kwa sababu ujuzi wake una cheti anachoweza kumwonyesha mwajiri asiyemjua. Ujuzi wa aliyefunzwa gereji moja unajulikana na mwenye gereji ile.

Kumbe karatasi ina kazi kubwa. Ila isome habari hiyo tena pamoja na yule fundi wa Busia. Cheti kinamfungulia kijana mlango kwa sababu waajiri waliotangulia walifungua mlango na kukuta mkono. Kila anayehitimu bila mkono anachota kwenye akiba ya wale waliohitimu nao. Fundi wangu alishachotewa vya kutosha. Barua yenye muhuri wa chuo kile haisomi tena. Anatoa vipande viwili vya chuma.

Hapa pia ndipo biashara ya chuo inapoonekana ilivyo. Chuo binafsi kinaishi kwa ada, ada inaletwa na wanafunzi, na wanafunzi huletwa na habari: binti wa jirani alisoma pale, sasa ana saluni Mbale. Habari hiyo inachukua muda. Mwanafunzi aliyefundishwa vibaya muhula huu atamaliza mwakani, atahangaika mwaka mwingine, ndipo mtaa utajua. Mwenye chuo anayekata rodi leo anaona faida leo, na hasara inakuja baada ya miaka mitatu, wakati yeye anailaumu serikali, uchumi, au vijana wa siku hizi wanaopenda simu. Kinyume chake kina uchungu uleule: aliyewekeza kwa walimu wazuri anakaa miaka mitatu akilipa gharama ambazo hakuna mzazi anayeziona, huku jirani yake akipaka rangi lango na kujaza madarasa.

Wazazi nao wana sehemu yao, ingawa siwezi kuwasema sana. Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba chuo cha ufundi ni cha walioshindwa. Mzazi anayempeleka mtoto huko huku ameona aibu haulizi maswali magumu. Anataka mtoto apate pa kukaa. Angekuwa anamtafutia nafasi ya udaktari, angekagua hadi choo.

Kwa anayetaka kuuliza, maswali si mengi. Usiende siku ya mahafali, nenda Jumatano saa nne asubuhi. Hesabu ni wanafunzi wangapi wameshika kifaa na wangapi wamesimama mikono mfukoni. Sikiliza mwalimu anasema nini mwanafunzi anapokosea. Uliza walimu wangapi ni wa kudumu, na wa mwisho kutoka nje kufanya kazi ya ufundi alikwenda lini. Uliza wanafunzi wanaotumwa mafunzo ya kazini hutembelewa mara ngapi, maana pasipo kutembelewa wengi huishia kuchota maji na kununua chapati za mafundi. Watakujibu vizuri, wamezoea kujibu.

Kisha omba uonyeshwe nyuma ya karakana. Chuo kinachofundisha kuchomelea kina rundo la vyuma vilivyoharibiwa: maungio yenye matundu, mishono iliyopinda kama njia ya mbuzi, vipande vilivyokatwa na kuunganishwa tena mara tano. Nyuma ya darasa la useremala kuna mbao zenye mikato mibovu, na karibu na jiko la uokaji kuna kuku wanene. Mahali nilipopelekwa mimi mara ya mwisho, nyuma ya karakana kulikuwa na majani yaliyokatwa vizuri na bustani ya maua, na mkuu wa chuo alijivunia sana usafi huo.